Mama Naye Huchoka

Katika sifa zote apewazo mama, ipo moja niichukiayo. Ni ile isemayo kwamba mama hachoki. Husemwa arusini, hurudiwa mazishini, na shuleni siku ya wazazi hutamkwa kwa sauti kuu, nao wasikiao hupiga makofi. Yasikika kama heshima, lakini ni mzigo wa kuni uliofungwa kwa kanga mpya. Asemaye kwamba mama hachoki amekwisha kujipa ruhusa ya kutomsaidia, maana nani apoteze wakati wake kumpumzisha asiyechoka?

Kila kitendacho kazi huchoka. Mkulima hulijua hilo. Shamba lililolimwa mfululizo huliacha likae, lirudishe rutuba yake. Ng'ombe mwenye mimba huacha kumkamua muda wa miezi miwili hivi kabla ya kuzaa, ingawa maziwa yale yangemletea fedha, kwa kuwa ajua kwamba asipofanya hivyo hasara itamfika baadaye. Hapana jirani amwitaye ng'ombe huyo mvivu. Basi yawaje huruma hiyo iishie zizini, isivuke ua hadi jikoni?

Serikali nayo yalijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyeajiriwa nchini Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Lakini mlezi akiwa nyumbani kwake hana mwajiri, hana saa ya kutoka kazini, wala juma lake halina siku ya mapumziko. Uchunguzi wa matumizi ya wakati uliofanywa nchini mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia zaidi ya saa 4 kwa siku katika kazi za nyumbani na ulezi zisizo na malipo, hali wanaume hutumia kiasi cha saa 1. Tena wengi wa wanawake hao hutoka kwanza shambani, sokoni au ofisini, ndipo waanze kazi hiyo ya pili.

Haya sikuyapata vitabuni tu. Nayajua kwa uchungu.

Nilipokuwa katika kidato cha pili, babu yangu alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Mama ndiye aliyemwuguza. Asubuhi alichuma chai akaipeleka kwa kikapu hadi kituo cha kununulia, mchana alikata majani ya ng'ombe, jioni alipika, na usiku aliamka mara kwa mara kumgeuza babu kitandani ili asipate vidonda vya kulalia. Miezi ikapita hivyo. Sote tulimsifu. Jioni moja aliketi kigodani karibu na moto, usingizi ukamchukua. Dada yangu mdogo, mtoto wa miaka 3, akaivuta sufuria ya uji, ukamwagikia mkononi. Alipona, lakini kovu analo hata leo. Majirani walikuja, wakasema mama ni mzembe. Hata mmoja hakuuliza usiku uliotangulia alipata usingizi wa saa ngapi. Nami, kijana wa miaka 15 mwenye nguvu zake, nilikuwa chumba cha pili nikisoma kitabu, nikingoja kuitwa kula. Walimlaumu aliyesinzia, hawakumlaumu aliyekuwa macho.

Wala si mama peke yake. Yuko baba afanyaye kazi ya ulinzi usiku na ya mjengo mchana ili karo ipatikane. Yuko bibi aleaye wajukuu yatima. Yuko dada mkubwa aliyegeuzwa mama kabla ya wakati wake. Wote hawa twawasifu, kisha twawaongezea mzigo.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza watanitajia methali: ajizi nyumba ya njaa. Methali ni ya kweli, lakini mtu huyu haimhusu. Ajizi ni kuikimbia kazi. Pumziko ni haki ya aliyekwisha kuifanya.

Wa pili watasema kwamba mapumziko ni anasa ya matajiri wenye fedha za kukaa hotelini. Hao hawajui pumziko ni nini. Pumziko ni usingizi wa usiku, ambao mtu mzima auhitaji kwa saa 7 au zaidi. Ni chakula kilicholiwa kwa kuketi, kingali moto. Ni mama kwenda zahanati kwa maumivu ya mgongo wake, kama aendavyo kwa kikohozi cha mtoto. Ni saa moja ya kuzungumza na rafiki bila kuitwaitwa. Mambo hayo hayauzwi dukani. Yanataka kitu kimoja tu: mtu wa kumshikia zamu.

Wa tatu watasema kwamba mzazi mwema hujisahau kwa ajili ya mwanawe. Nawauliza, mtoto atafaidi nini kwa mzazi aliyejisahau hata akaanguka? Mchovu hupiga panapotosha kuonya. Husahau dawa ya mgonjwa. Husinzia penye moto. Hasira nyingi ambazo watoto huzidhania kuwa chuki ni uchovu mtupu. Ajitunzaye huwatunza pia wale wamtegemeao.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imesema kwamba malezi ya mtoto ni wajibu wa mama na baba kwa usawa. Baba na akumbuke. Lakini wewe mwanafunzi usomaye usijifiche nyuma ya baba. Sheria huwezi kuitunga, lakini sare yako waweza kuifua. Waweza kuteka maji, kuosha vyombo, kumlisha mgonjwa, na kukaa naye alasiri ya Jumamosi ili amwuguzaye apate kulala. Kitabu kitakungoja. Mvulana asiseme kwamba jikoni si mahali pake. Tumbo lake laijua sana njia ya huko. Wala usingoje kuombwa, kwa kuwa mtu aliyeambiwa miaka yote kwamba hachoki huona haya kuomba.

Nao wazazi na walezi wakubali msaada bila aibu. Kusema "nimechoka" si kushindwa. Ni kusema kweli, na ukweli huo ungalisemwa na kusikiwa nyumbani kwetu, dada yangu asingalikuwa na kovu.

Basi siku utakaposikia tena mtu amesimama kumsifu mama kwamba hachoki, usipige makofi. Rudi nyumbani, mpokee ndoo mkononi, umwambie, "Mama, keti."