Mkia Usio na Alama

Mjukuu wangu aliletewa boksi lenye vipande vya plastiki vya kuunga kwa gundi, vikikamilika viwe ndege: Messerschmitt Bf 110 G-4, ile ya Kijerumani iliyowinda usiku katika Vita Kuu ya Pili. Ni kazi nzuri, lazima nikiri. Kipimo chake ni moja kwa arobaini na nane, na mabawa yanazidi futi moja kidogo. Pembe za rada puani ni nyembamba kama miiba ya samaki. Imo hata ile mizinga miwili iliyoelekezwa juu, ambayo Wajerumani waliipa jina la muziki, Schräge Musik. Tangu 1943 rubani mwenye mizinga hiyo alijipenyeza gizani chini ya ndege ya Kiingereza ya mabomu, upande ambao nyingi hazikuwa na bunduki wala mlinzi, akalenga matangi ya mafuta bawani.

Hayo yote yamo. Kisichokuwamo ni swastika, ambayo ndege hizo ziliibeba mkiani. Sababu naijua. Sheria ya jinai ya Ujerumani, kifungu cha 86a, inakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa shughuli kama za elimu na sanaa. Na mwenye kiwanda huona heri aiache kabisa kuliko kupoteza soko. Sheria hiyo siigombi. Aliyewahi kuunguza nyumba ana haki ya kuficha kiberiti.

Ninachokigomba ni kile kilichobakizwa. Kwenye karatasi ileile ya vibandiko zipo alama ndogo za ushindi zinazofikia 121, za kubandikwa mkiani. Hiyo ni hesabu ya rubani Heinz-Wolfgang Schnaufer, ndege 121 alizohesabiwa kuziangusha, zote usiku. Mapezi ya mkia wa ndege yake yamehifadhiwa, moja London na jingine Canberra. Lancaster ilichukua watu saba. Mjukuu wangu alichukua penseli akazidisha, akapata 847. Nilimweleza kuwa si ndege zote zilikuwa na watu saba, na kwamba wengine waliruka kwa miavuli wakapona. Hata hivyo tulinyamaza wote wawili pale mezani.

Basi idadi ya walioangushwa inauzika, ila yule ambaye kazi hiyo ilifanywa kwa ajili yake hatajwi! Kijitabu cha maelekezo kinajua rangi ya kutu ya mabomba ya moshi, lakini hakina mstari mmoja unaosema ndege hii ililinda dola ya namna gani. Mtoto anaachiwa shujaa asiye na bwana.

Mtaniambia kuwa huu ni mchezo tu. Kama ni mchezo, mbona rangi ya kutu ikawa lazima iwe sahihi? Wengine watasema nawaonea Wajerumani, kwani Julai 1943 mabomu ya Waingereza na Wamarekani yaliua makumi ya maelfu ya raia Hamburg, na rubani wa usiku aliamini anamlinda mama yake. Pengine aliamini hivyo kwa haki. Nalo liandikwe! Ukurasa mmoja ungetosha. Na asije mtu akadai kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao: John Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia katika ndege ya Kiingereza ya mabomu, akaangushwa Ujerumani Novemba 1943 na kukaa mfungwa hadi 1945.

Nilishauriwa nilitupe boksi. La hasha, kijana amejifunza subira kwa gundi ile kuliko kwa mahubiri yangu. Ndege iko juu ya kabati, alama za ushindi bado hazijabandikwa. Juzi aliniuliza kama tuichore wenyewe swastika kwa brashi. Nilimpa karatasi, nikamwambia aandike kwanza watu watatu wa ndege ile walikuwa wakimtumikia nani, na huyo aliwafanyia nini watu wa Ulaya. Ameomba karatasi ya pili.