Wufa na Haki ya Jirani

Sisi tukaao katika nyumba za kupanga za mawe karibu na eneo la viwanda la EPZ Athi River, ambako jirani aliyetoka zamu ya usiku kiwandani hulala mchana, twahitaji neno kuhusu mahali pa kuweka wufa, yaani spika ya besi. Madhali sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma chenyewe karibu na hezi 43, na wufa iliyosukumwa kwenye pembe huzidisha mvumo huo. Ili kuuepuka, iweke wufa kwanza pale uketipo, upige wimbo wenye besi, kisha utambae kandokando ya ukuta hadi usikie besi isiyovimba wala kufifia. Hapo ndipo makao yake. Kitufe cha kuigawia wufa sauti za chini (crossover) kianzie hezi 80. Sponji chini yake hupunguza mtetemo wa sakafu, lakini haizuii besi ipenyayo ukutani. Basi tafadhali, jirani alalapo, ipunguze sauti.