Sokwe Hana Mkia: Chonga Ulichokiona, Usimalize Msitu

Kijana mmoja wa Mwamgongo alinionyesha sokwe aliyemchonga. Kazi safi, uso umetulia, msasa umepita vizuri. Kasoro ilikuwa moja tu: sokwe yule alikuwa na mkia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, huyu umemwona wapi?" Akacheka. Alikuwa amenakili picha ya nyani kwenye simu, na Hifadhi ya Gombe inapakana na kijiji chao.

Nasema wazi: uchongaji wa wanyama unaweza kuwa kipato cha kweli kwa vijiji vyetu vya ziwani, lakini kwa masharti mawili. Chonga ulichokiona kwa macho yako, na usikate mti wa msituni ili kukichonga.

Kwa nini nalisema sasa? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wengi wenu mliona jinsi mfuko unavyokauka dagaa na migebuka ikisimama. Miezi hiyo inaingiliana na kiangazi, wakati ambao wageni wengi hupenda kuja Gombe. Mkono uliozoea wavu unaweza kushika tezo na patasi.

Sasa fikiria mteja wako. Mgeni anayepanda boti kwenda Gombe hakuja kutazama twiga. Twiga wa mti wamejaa Mwenge, Dar es Salaam, na hapo huwawezi kwa bei. Huyu amekuja kwa ajili ya sokwe mtu, wale ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, hata kabla Gombe haijawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ametoka kumwona sokwe dakika chache zilizopita. Ukimpa mwenye mkia, anajua mara moja kwamba hujui unachouza.

Kwa hiyo tazama vizuri kabla ya kushika patasi. Sokwe hana mkia. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu. Akitembea anakanyagia migongo ya vidole vya mikono, si viganja. Anachokoa mchwa kwa kijiti: hilo peke yake ni sanamu nzuri kuliko simba kumi wa kunakili. Na usisahau vya ziwani: kuhe, mgebuka, furukombe akinyakua samaki. Hivyo unavijua tangu utoto. Ila usimfuate sokwe msituni peke yako. Ingia kwa utaratibu wa hifadhi, na ukiwa na mafua baki nyumbani, kwani maradhi yetu huwaua.

Wapo watakaosema, "Sisi si Wamakonde, uchongaji si wetu." Wakamba wa Kenya nao hawakuanza zamani sana. Inaelezwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akarudi kufundisha kwao. Nasi tumechonga mitumbwi miaka yote.

Lakini Wakenya wanatufundisha pia jambo chungu. Walichonga mpingo hadi ukawa adimu, kisha wengi wakalazimika kuhamia kwenye mwarobaini na mwembe. Tusingoje tufike huko. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Zaidi ya hayo, ukikata msitu wa milimani unamfukuza sokwe yuleyule anayekuletea mteja, na mvua ikija udongo unateremka shambani kwako na ziwani.

Tumia mwembe mzee usiozaa tena, au mwarobaini wa uani. Kabla ya kukata, muulize afisa misitu wa wilaya kuhusu kibali, na utunze risiti. Mti mbichi hupasuka, hivyo pasua gogo, toa kiini, paka nta kwenye ncha mbili, kisha kausha kivulini kwa miezi, si siku. Mwembe hupendwa na dumuzi, basi kagua kila kipande. Chenye unga wa matundu usikiuze. Malizia kwa nta ya nyuki, ambayo mkoa wetu tunayo. Usipake mawese, yatachacha na kunuka.

Mwisho ni bei. Piga hesabu, usikisie. Chukua mfano: mti, msasa na nta vimekugharimu shilingi 6,000. Umefanya kazi siku 2, na kibarua cha shamba kingekulipa 7,000 kwa siku. Gharama yako ni 20,000 kabla ya nauli ya boti. Ukiuza kwa 15,000 hujauza, umegawa. Nanyi wafanyabiashara, mkichukua mzigo kwa mali kauli, andikishianeni idadi na bei, kila mtu abaki na nakala.

Yule kijana alichukua kisu, akaukata ule mkia palepale. Sehemu ya nyuma imebaki na kovu. Nilimshauri asimuuze, amweke dirishani awe mwalimu wake. Anayefuata amchonge baada ya kumwona.