Hoki ya barafuni: Kinga isiyoutosha mguu si kinga

WAHENGA walinena kuwa ajali haina kinga. Katika mchezo wa hoki ya barafuni, kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Mchezaji hawezi kuepuka kuanguka wala kugongwa. Hata hivyo, kabla hajaingia uwanjani, anaweza kuamua kwa kiasi kikubwa iwapo atatoka kwa miguu yake mwenyewe au kwa kubebwa.

Suala hili si la Wazungu wa nchi za baridi pekee. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005, na humo ndimo ilimochipukia timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 timu hiyo ilialikwa Canada, ikavishwa vifaa kamili na kucheza bega kwa bega na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024, Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, IIHF.

Lakini ni jambo moja kuupenda mchezo na jingine kuwa na mavazi yake. Soko la vifaa hivi humu nchini ni dogo mno, hivyo anayeanza hutegemea msaada, mtumba au jamaa aliye ng'ambo. Anayepewa hachagui, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya mguu wa mtu mwingine, hata kiwe cha bei ghali namna gani, huacha pengo. Na katika hoki, majeraha hupitia penye pengo.

Kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa gongo huwa na uzani wa gramu 156 hadi 170. Kikiruka na kuupata mguu ulio wazi, huweza kuvunja mfupa. Zaidi ya hayo, kuna magongo yenyewe, kuta za uwanja, barafu iliyo ngumu kama saruji, na chuma chenye makali kilicho chini ya kila kiatu.

Yapo wanaodai kuwa mchezo wa kujiburudisha hauhitaji tahadhari kubwa kwa kuwa ligi nyingi za aina hiyo hukataza wachezaji kugongana kwa makusudi. Hoja hiyo haina mashiko. Anayecheza kwa burudani huanguka mara nyingi kuliko mchezaji stadi, hajui kuanguka vizuri, na wenzake hawawezi kusimama wala kukwepa kwa haraka. Kwa sababu hiyo, vikinga vyembamba ambavyo mabingwa huvichagua ili wawe wepesi havimfai.

Kifaa cha kwanza cha kuzingatiwa ni kikinga ugoko, ambacho hufunika goti pia. Ukubwa wake hupimwa kwa inchi. Mchezaji huketi, akakunja goti, kisha akapima kutoka katikati ya pia ya goti hadi pale kiatu cha kutelezea kinapoanzia. Akipata sentimita 36 hivi, anahitaji kikinga cha inchi 14. Pia ya goti sharti ikae katikati ya kibakuli cha kikinga. Kikiwa kirefu mno, husukumwa juu na kiatu kila mguu unapokunjwa, na goti likatoka mahali pake. Kikiwa kifupi, huacha wazi sehemu ya chini ya ugoko.

Cha pili ni kaptura nene yenye sponji na plastiki ngumu, inayokinga mapaja, nyonga, figo na kifandugu. Wanaoanza huanguka kwa makalio, na pigo la kifandugu linaweza kumfanya mtu ashindwe kuketi kwa wiki kadhaa. Upindo wa kaptura unapaswa kufika juu ya goti na kuufunika ukingo wa kikinga ugoko kwa sentimita tatu hadi tano. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kupiga goti moja sakafuni huku mavazi yote yamevaliwa. Paja likionekana kati ya vifaa hivyo viwili, kimoja kinahitaji kubadilishwa.

Cha tatu ni kinga ya kinena, ambayo huundwa kwa maumbo tofauti kwa wanaume na kwa wanawake. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na vifaa vingine, na kwa sababu za usafi hiki ndicho kifaa ambacho hakistahili kununuliwa mtumba.

Kuna pia hatari ya kukatwa. Februari 2013, mlinzi nyota wa timu ya Ottawa Senators, Erik Karlsson, alikatwa kano ya kisigino na kiatu cha mpinzani wake katika mechi dhidi ya Pittsburgh Penguins, akalazimika kufanyiwa upasuaji. Alikuwa mtaalamu aliyevalia vifaa vya hali ya juu, lakini upande wa nyuma wa mguu, juu ya kisigino, ni mahali ambapo kikinga ugoko hakifiki. Dawa yake ni soksi ndefu zilizofumwa kwa nyuzi imara kama Kevlar, ambazo hutumika pia kutengeneza fulana za kuzuia risasi. Soksi hizo hupunguza hatari ya kukatwa, japo haziiondoi kabisa.

Viatu navyo ni sehemu ya kinga. Hupaswa kuubana mguu kuliko viatu vya kawaida, kisigino kisiinuke na vidole viguse mbele kwa mbali tu. Kiatu kikubwa hukifanya kifundo kiyumbe, na soksi mbili haziwezi kuliondoa tatizo hilo.

Je, mtumba ukataliwe? La hasha. Kikinga ugoko kilichotumika kinafaa iwapo ganda lake halina ufa na sponji yake bado inarudi inapobonyezwa. Mikanda iliyochakaa hubadilishwa kwa gharama ndogo. Viatu vilivyotumika vikaguliwe kwa makini zaidi, kwani huenda vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mwenyewe wa awali au chuma chake kimeliwa na kunolewa mara nyingi.

Kwa mwenye fedha chache, busara ni kuanza na viatu vinavyomtosha, kikinga ugoko na kinga ya kinena, kisha kaptura, hata ikiwa ya mtumba. Ieleweke kuwa vifaa vya miguu havichukui nafasi ya kofia ngumu, ambayo haina mbadala.

Klabu nazo zina wajibu. Badala ya kupokea mizigo ya misaada na kuigawa kwa anayetangulia kufika, ziwapime wachezaji wao kwanza, ziandike vipimo hivyo, na kuwaeleza wafadhili ni saizi gani zinazokosekana. Utepe wa fundi cherehani hugharimu shilingi chache tu. Mguu uliovunjika humgharimu kijana masomo, kazi na miezi mingi ya kukaa nje ya uwanja.