Usiwafanyie wa Bogoria unachokataa kufanyiwa Kawangware

Chukulia ni Jumamosi asubuhi. Uko nje ya ploti yenu pale Gatina, Kawangware, beseni la nguo mbele yako, na bado hujavua kaptura ya kulalia. Wageni sita wanapita wakiongozwa na msee aliyevaa fulana yenye nembo. Mmoja anasimama, anainua simu, anakupiga picha, anatabasamu, anaenda zake. Hajasema hata "sasa". Kabla hujamaliza kuanika, sura yako iko mtandaoni na chini yake maneno matamu kuhusu watu maskini wenye furaha.

Hapo ungewaka, na ungekuwa na haki ya kuwaka.

Sasa geuza meza. Ni Desemba, mbogi imechanga doo, mmekodi matatu, mko Ziwa Bogoria mnatazama maji yanavyochemka kutoka ardhini. Mama mmoja anapita akiswaga mbuzi wake. Ni nani anayeinua simu? Ni nani anayesimama mbele ya boma la watu kupiga video ya kucheza, kisha anaingia garini bila kujua hata jina la kijiji? Wahenga walishasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tunataka kukuambia jambo moja leo. Haitoshi mgeni kutoharibu. Anapoondoka, mahali alipotembelea panafaa kuwa pazuri kuliko alivyopakuta, na wa kuamua uzuri huo ni nini ni wale wanaopatunza mwaka mzima. Wataalamu wa safari siku hizi wanauita utalii wa kuhuisha. Jina ni jipya, lakini sisi wa mtaa tunaelewa maana yake haraka kuliko wengi, kwa sababu tumewahi kuwa upande wa kutazamwa.

Angalia Kibera. Filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka wa 2005, ilipigwa picha kwa sehemu huko. Mwaka uliofuata Barack Obama, wakati huo akiwa seneta, alifika. Reli inayopita katikati ya mabati ikawa picha inayojulikana duniani, na ziara za kutembeza wageni mtaani zikawa biashara. Mwaka wa 2010 Kennedy Odede, kijana aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times kuzipinga. Alieleza jinsi alivyopigwa picha na mgeni akiwa na umri wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao. Hoja yake ilikuwa rahisi: ziara hizo zinaugeuza umaskini kuwa burudani, mgeni anaondoka na picha zake, na mtaa unabaki na utu uliopungua.

Si kwamba Kibera haina hadithi ya kusimulia. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan na kutumikia jeshi la Mwingereza, waliishi hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka wa 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Walisubiri hati ya ardhi karibu miaka 100. Walipoipata, mwaka wa 2017, ilikuwa ya ekari 288. Mgeni anayetembezwa Makina bila kusikia hayo ameonyeshwa mabati tu.

Kumbuka pia kwamba kwa miaka mingi Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani nyingi. Mwaka wa 2009 vijana wa huko, kupitia mradi wa Map Kibera, walibeba vifaa vya GPS na kuchora mtaa wao wenyewe: vyoo, zahanati, shule, njia. Ukitaka kujua tofauti kati ya kutazamwa na kujieleza, ndiyo hiyo.

Sasa turudi Bogoria. Ziwa hilo na ardhi inayolizunguka ni nyumbani kwa Waendorois. Hapo ndipo walipofanyia ibada na tohara, walipochuma dawa, na mifugo wao walipolamba chumvi. Mwaka wa 1973 serikali ilitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, na mamia ya familia yakaondolewa. Watalii wakaja kuona heroe na chemchemi za moto, huku waliopatunza kwa vizazi wakihitaji ruhusa ya kuingia kwao. Walienda kortini nchini, wakakwama. Wakapeleka kesi kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka wa 2010 ulisema Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya mali, utamaduni, dini na maendeleo. Tume ilipendekeza warudishiwe ardhi, walipwe fidia na wapate mgao wa mapato. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua tangu hapo.

Kwa hivyo, ukisimama Bogoria ukapiga selfi na mvuke nyuma yako, umesimama juu ya kesi. Si kosa lako, lakini ukishajua, huwezi kujifanya hujui.

Tuseme wazi: Kawangware si Bogoria. Wengi wetu huku ni wapangaji, wazazi wetu walitoka mashambani tofauti tofauti, na hatuwezi kudai kiti cha Waendorois. Wao wanadai ardhi ya mababu. Sisi tunadai heshima mlangoni petu. Lakini maswali ya kumuuliza mgeni ni yale yale: Uliomba ruhusa? Nani anakuongoza? Pesa zako zinaishia wapi?

Kuna mahali maswali hayo yamejibiwa vizuri. Kule Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walifungua nyumba yao ya wageni mwaka wa 1996. Jamii ndiyo mwenye mali. Mapato yamesaidia shule, afya na ulinzi wa wanyama, na mwaka wa 2002 walitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Equator. Huko Kwale, karibu na Diani, kuna Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2008 kuwa urithi wa dunia. Ukiingia, unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unaongozwa na mwenyeji, na huondoki na hata jani. Masharti yamewekwa na wenye kaya. Hupendi? Bahari iko pale, nenda ukaogelee.

Najua utasema: "Masharti ni sawa, lakini mtaani watu wana njaa. Mtalii akileta chapaa, tumfukuze?" Hapana. Kijana anayetembeza wageni Kibera anafanya kazi halali na ana kodi ya kulipa. Hatumlaumu yeye. Tunauliza ni nani aliyepanga bei, ni kiasi gani kinabaki mtaani, na kama mama anayeuza mandazi njiani anapata wateja au anapata kamera tu. Ziara inayomlipa kiongozi mmoja na kuwapiga picha watu 200 bila idhini imewakopa hao 200 bila kuwaambia.

Na idhini si adabu tu, ni sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, hapa tu jirani na Kawangware, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kama shule inaweza kutozwa hivyo, wanaojaza kurasa zao za biashara kwa nyuso za watoto wa mtaa wajipange. Nayo Katiba, Kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe faida za maliasili zinagawanywa kwa haki.

Basi tufanye nini?

Kama uko upande wa wenyeji, msingoje mgeni aje na masharti yake. Kaeni chini, vijana, wazee wa mtaa, akina mama wa chama, na muandike yenu. Hakuna picha ya mtu bila kuulizwa, na hakuna picha ya mtoto bila mzazi. Vikundi viwe vidogo. Sehemu ya ada iingie katika mfuko wa pamoja, hesabu zibandikwe ukutani watu wote wasome. Mtaa uamue pesa hizo zifanye nini: taa, mtaro, maktaba, miti kando ya mto. Mgeni atakayekataa masharti hayo hakuja kututembelea.

Kama uko upande wa wageni, na wengi wenu mtakuwa huko likizo ijayo, uliza kabla ya kulipa. Kambi hii ni ya nani? Kiongozi wetu ni mzaliwa wa hapa? Kuna kijiji kilichohamishwa ili sisi tupate mahali pa kuchoma nyama? Ukipata majibu ya kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Ukifika, salimia kwanza, simu baadaye. Nunua kwa mwenyeji, na usibishane na bibi juu ya shilingi 50 za shanga alizoshona wiki nzima. Ukirudi na kuposti, andika jina la jamii inayopatunza mahali hapo, si jina la ziwa peke yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Siku hizi mwenyeji mara nyingi hubaki na vumbi la gari. Sisi tuliokulia 46, 56, Laini Saba na Gatwekera tunajua vumbi hilo lina ladha gani. Tusilipeleke kwa mwingine.