Baridi imerudi: nimeonja vikombe vitano, sikilizeni maoni yangu

Mvua zimerudi hapa Minova, na kila asubuhi ukungu unashuka kutoka milima ya Masisi mpaka ziwani. Wenye nyumba za mabati wanajifunika blanketi. Wanaolala chini ya turubai hawana blanketi ya kutosha, na jioni wengine wao wanatafuta joto ndani ya kikombe. Ndiyo sababu wiki hii nimezunguka nikionja kinywaji kimoja kimoja. Ninayosema ni maoni yangu. Kila ulimi una mambo yake.

Kikombe cha kwanza kilikuwa kasiksi ya siku mbili, kwa mama mmoja mwenyeji. Hiyo ndiyo divai yetu ya ndizi. Ndizi zake zilivundikwa shimoni mpaka zikaiva, zikakamuliwa kwa majani makavu, maji yakachujwa, kisha akatia unga wa mtama uliokaangwa ili ichachuke. Inanukia ndizi mbivu na mtama wa motoni. Mdomoni inaanza na utamu, halafu uchachu unakuja polepole. Ukiinywa pamoja na sambaza za kukaanga, hutatamani bia ya kiwanda.

Kikombe cha pili kiliitwa kasiksi pia, lakini kilikuwa chepesi kama maji ya kusuuzia kibuyu. Niliona mara moja kwamba humo kuna sukari na hamira nyingi, na ndizi kidogo sana. Nilitaka kulalamika. Muuzaji, mama aliyekimbia vita Masisi, akaniambia: « Mwanangu, kule kwetu nilikuwa nakata ndizi yangu mwenyewe. Hapa nanunua hata jani la kufunikia. » Nikamaliza kikombe na kulipa bila neno.

Jibu la mama huyo limenifundisha kuliko ladha zote. Shamba liko ng'ambo ya mapigano, na anayelikaribia anahatarisha maisha. Tena, kabla ya vita hivi, ndizi zetu zilikuwa zimeshapigwa na ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana Masisi tangu mwaka 2001. Majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani ni kahawia. Wenye mashamba, msichoke: ondoeni ua la chini la mkungu kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kipitisheni motoni kabla ya kukata mwingine. Bila hivyo, hata siku ya kurudi nyumbani hatutakuwa na cha kukamua.

Kikombe cha tatu, divai ya nanasi kutoka Idjwi. Ilifika kwa mtumbwi ndani ya chupa iliyotumika, na nilipofungua, kifuniko kiliruka. Harufu ilijaa chumba kizima. Ni kali kidogo, safi, haina utamu wa kuchosha. Kwangu mimi hii imeshinda zote. Vijana wanaotafuta kazi waitazame vizuri, maana mananasi ya kisiwa yanaoza msimu wa mavuno na bei inaanguka.

Cha nne nilikipata harusini: divai nyekundu ya Afrika Kusini, ya zabibu. Inakausha ulimi kama chai iliyokaa sana. Baada ya nyama ya mbuzi ikawa nzuri zaidi. Lakini chupa moja ya namna hiyo ingelisha familia unga kwa siku kadhaa, na sikuweza kusahau hilo.

Cha tano ni kanyanga. Hapo nilionja tone tu nikatema. Najua wengi watanipinga, wakisema kanyanga ndiyo blanketi ya maskini. Hapana. Pombe kali inaleta damu karibu na ngozi, unasikia joto, kumbe mwili unazidi kupoteza joto lake. Mtu aliyelewa na kulala nje wakati wa mvua anaweza kufa kwa baridi bila hata kutetemeka. Tena kanyanga iliyopikwa vibaya inaweza kubeba sumu ya methanoli, ambayo inapofusha macho na kuua. Sumu hiyo huwezi kuijua kwa harufu wala kwa ladha, na kuwasha pombe moto ili kutazama rangi ya mwali si kipimo cha kuaminika. Mtu akinywa kisha macho yakaona ukungu, apelekwe kituo cha afya saa ileile.

Basi maoni yangu ni haya. Wanaotoza ushuru sokoni wawahurumie mama wanaouza bidoni moja ya kasiksi. Faida yao ndiyo chakula cha jioni. Wenyeji wenye migomba, wauzieni mikungu kwa bei ya jirani, nao wataacha sukari na hamira. Nanyi mama zetu, chemsheni maji na osheni bidoni vizuri, maana kipindupindu hakiko mbali nasi. Na wewe baba, unga kwanza, kikombe baadaye.

Mama wa kikombe cha pili ameniahidi kasiksi ya kweli siku atakaporudi kwake. Nimemwambia nitapanda huko na kikombe changu mkononi.