Ukurasa wa Nyumbani: Mwisho wa Mwezi, Mtoto Anunuliwe Nini?

Mishahara ikishatoka, maduka yaliyo karibu na lango la kambi hujaa wazazi. Baba hununua biskuti, chupa ya soda na bunduki ya plastiki. Mama hununua kopo la maziwa ya unga lenye picha ya mtoto mnene. Kila mmoja hutoka dukani akiamini kwamba amemtendea mwanawe wema. Juma hili yafaa tujiulize: katika fedha chache za askari, ni vitu gani vinavyompa mtoto mdogo siha na wepesi wa mwili, na ni vipi vinavyokula mshahara bure?

Swali hili si la anasa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka 5, watoto 29 walikuwa wamedumaa; uchunguzi wa mwaka 2022 ukaonyesha 26. Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Aghalabu hali hiyo hujengeka kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na akishapita umri huo ni vigumu sana kuirekebisha. Askari anajua kwamba malimbikizo ya mshahara huweza kulipwa hata baada ya mwaka mzima. Malimbikizo ya lishe hayalipwi.

CHAKULA KWANZA

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kununuliwa chakula chochote ikiwa mama yake ananyonyesha. Maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hayahitaji. Fedha ambazo zingenunua kopo la maziwa na zimnunulie mama chakula. Baada ya miezi 6 mtoto aanze kula, huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi.

Tangu miaka ya 1960 kituo cha lishe cha Mwanamugimu, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, kimekuwa kikiwafundisha wazazi kupika chakula cha mchanganyiko ambacho Waganda hukiita kitobero. Neno Mwanamugimu lenyewe ni la Kiluganda, na maana yake ni mtoto mwenye siha. Mpishi huchukua chakula cha kushibisha, kama matoke au viazi, akaongeza maharagwe au karanga zilizosagwa, kisha mukene, yai au nyama kidogo, pamoja na mboga za majani kama dodo. Vyote huweza kufungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke mpaka vilainike, halafu vikapondwa. Hakuna kitu kimojawapo kati ya hivi kinachohitaji kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo, katika kapu la mwisho wa mwezi watangulie hawa: unga wa wimbi kwa ajili ya uji, karanga, mukene, mayai, na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, ambavyo vina vitamini A nyingi kuliko vile vyeupe. Mukene uchague uliokaushwa juu ya vichanja. Ule ulioanikwa chini huja na mchanga. Karanga zenye ukungu usizinunue hata zikiuzwa kwa bei ya chini, kwa maana ukungu huo huleta sumu isiyoondoka kwa kupika. Karanga nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka 5, maana zinaweza kumpalia, asagiwe.

Chai ya rangi pamoja na mlo haimfai mtoto, kwa kuwa huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma ambayo hujenga damu. Soda nayo humshibisha kwa sukari, akakikataa chakula cha jioni.

Hali kadhalika, kuna vitu viwili ambavyo si chakula lakini hukilinda chakula kisipotee bure: sabuni na chandarua chenye dawa. Mtoto anayeharisha kila mara au anayeugua malaria hupoteza kwa juma moja kile alichokipata kwa mwezi. Mwaka 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wachanga, katika dozi 4: miezi 6, 7, 8 na 18. Uliza katika zahanati ya kambi kama wilaya yako inahusika. Chanjo hiyo haiondoi haja ya chandarua.

MICHEZO

Familia nyingi za polisi na jeshi zimeishi, na nyingine zingali zinaishi, katika chumba kimoja, au katika vile vibanda vya bati vya duara tuvijuavyo kwa jina la yuniporti. Ndani ya chumba kama hicho mtoto hawezi kukimbia. Mchana ni joto, na jiko limo humohumo. Kwa mtoto wa kambini, basi, kiwanja cha nje ndicho chumba chake cha pili, na wazazi wa laini moja wanapaswa kupeana zamu ya kukiangalia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 anatakiwa kuchezesha mwili kwa muda usiopungua dakika 180 kwa sika nzima, yaani saa 3, si lazima kwa mfululizo. Akifikia miaka 3, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hata ahemwe. Mtoto asiyetambaa bado alazwe kifudifudi akiwa macho, kidogo kidogo, jumla ya dakika 30 kwa siku, ili shingo na mgongo vipate nguvu.

Vifaa vya kazi hiyo ni rahisi. Cha kwanza ni mpira wa magamba makavu ya mgomba uliosokotwa na kujazwa vitambaa. Mpira huu ni mwepesi, haumuumizi mtoto mdogo. Watoto wakubwa kidogo huchezea kwepena: wawili wanasimama mbalimbali wakirushiana mpira, wa tatu yuko katikati akiukwepa. Mchezo huo hufundisha jicho, mguu na subira. Cha pili ni kamba ya kuruka. Cha tatu ni tairi kuukuu la kuviringisha kwa kijiti. Cha nne ni vipande vya mbao kutoka kwa seremala, vilivyopigwa msasa, kwa ajili ya mtoto wa miaka 2 kujengea na kubomoa. Mtoto huyohuyo hufurahi kwa kikombe na karai lenye maji kidogo, ila mtu mzima asimwache peke yake hata kwa dakika moja, kwani mtoto mchanga huweza kuzama katika maji machache ya ndoo.

Jioni vichezeo vikishawekwa kando, kuna hadithi. Waganda wana Wakayima, Waacholi wana Apwoyo, na wote wawili ni sungura yuleyule mjanja. Watoto wa laini moja wana bahati ya kuzisikia hadithi za makabila mengi katika ua mmoja.

VISIVYO VYA KUCHEZEA

Afande, hapa tunakuomba usome kwa makini. Maganda ya risasi hung'aa, nayo huwavutia watoto. Mtoto aliyezoea kuchezea ganda tupu hawezi kulitambua lile ambalo si tupu, wala kitu kingine kilichosahauliwa kichakani. Usimletee nyumbani hata moja kama zawadi. Mfundishe amri tatu: usiguse, ondoka, mwite mtu mzima. Silaha ya kazi isionekane kwake kamwe, iwe ina risasi au haina. Kwa sababu hiyohiyo, bunduki ya plastiki si kichezeo chema kwa mtoto wa askari. Humfundisha kuinyoosha mkono kwenye kitu ambacho siku moja anaweza kukikuta kikiwa cha kweli.

Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto mwenye kiu huifuata chupa. Betri ndogo za mviringo za saa na vichezeo zifichwe. Ikimezwa moja, huunguza koo kwa muda wa saa chache, na mtoto apelekwe hospitali mara moja. Kitu chochote kinachoweza kuingia chote kinywani, kama kizibo au gololi, si cha mtoto aliye chini ya miaka 3.

SIMU NA BABA ALIYE MBALI

Jeshi letu lilipoingia Somalia mwaka 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, familia nyingi zilijua maana ya kulea mtoto huku baba akiwa ng'ambo. Tangu simu zenye picha zilipoenea, mama aliyechoka hupata nafuu kwa kumpa mtoto simu atulie. Mwongozo uleule wa mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya picha za simu au televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku.

Hatusemi simu itupwe. Sauti ya baba ni jambo kubwa kwa mtoto. Baba aliye zamu ya mbali na arekodi hadithi fupi, au ahesabu moja mpaka kumi huku mtoto akiruka kamba, kisha amtumie mama. Hivyo simu itamwinua mtoto badala ya kumkalisha.

Na akirudi likizo, asijitahidi kulipa miezi aliyokosekana kwa mfuko wa peremende. Asubuhi moja ya kusokota mpira pamoja na mwanawe, magamba ya mgomba yakiwa yametapakaa mlangoni, haigharimu shilingi, na mpira utabaki nyumbani yeye akisharudi kazini.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kupanda dodo na vitunguu katika magunia, kwa familia zisizo na shamba karibu na kambi.